Treni bila dereva sawa, ila nani analipa viti vikiwa vitupu?

Jana asubuhi daladala yetu ya Tegeta–Makumbusho imekwama Lugalo, dada wa siti ya mbele yangu akawa anaangalia video ya treni ya mjini isiyo na dereva, watoto wamejibana pale mbele kabisa kwenye kioo. Konda akachungulia akasema, "Sasa sisi tutakula wapi?" Basi gari zima likaanza kubishana, nani atashika breki, umeme ukikatika je, mama mmoja mwenye beseni la mbogamboga mapajani akauliza nauli yake itakuwa sh ngapi. Hakuna aliyemjibu. Na kwangu mimi hilo ndo swali lenyewe.

Habari ya dereva isitupotezee muda. Lille, Ufaransa, wanapanda treni hizo tangu 1983, Dubai tangu 2009, kuna chumba cha watu wanaoziongoza na vituo vingi vina ukuta wa vioo ambao milango yake haifunguki mpaka treni isimame.

Kinachoninyima usingizi, treni kama hiyo ikija kwetu, ni neno ubia, yaani serikali na kampuni binafsi kushirikiana kuijenga, maana tukishasikia mwekezaji anakuja na hela zake tunapiga makofi hatuulizi zinarudije. Kuala Lumpur, Malaysia, walijenga laini ya treni ya mjini ya PUTRA, haina dereva, kampuni binafsi ikakopa ikitegemea nauli irudishe deni, ikafunguliwa 1998 wakati uchumi wa Asia umeyumba, abiria wakawa pungufu kuliko waliokadiriwa, na 2002 serikali ikaichukua pamoja na mzigo wa madeni. Treni zilikuwa zinatembea vizuri tu jamani! Kilichokwama ni hesabu ya abiria.

Sasa leta hiyo hesabu Dar. Nauli huku inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, mwekezaji hawezi kuamka asubuhi akaongeza, na asiongeze kweli, yule mama wa mbogamboga atashukia wapi? Kwahiyo lazima huyo mwekezaji aombe serikali imhakikishie kipato, kwamba abiria wakipungua Hazina inajazia, na hapo deni ni la kwako wewe hata kama unakaa Sumbawanga na hiyo treni hutaipanda maisha yako yote. Mi sisemi dhamana ni dhambi, mradi mkubwa hivi pengine hauwezi kusimama bila hiyo, nakubali kwa shingo upande. Ila iwe na kikomo, na hela ikatwe treni zikichelewa au zisipotoka kabisa.

São Paulo, Brazil, kwenye Laini ya 4 ya treni yao ya mjini waligawana kazi: serikali ikachimba mahandaki, kampuni ikaleta treni na mitambo ya kuziongoza, ikapewa miaka 30 ya kuendesha, mkataba 2006, abiria wa kwanza 2010. Haikuwa rahisi, Januari 2007 shimo la ujenzi wa kituo cha Pinheiros liliporomoka watu 7 wakafa. Lakini angalau kila mmoja alijua mzigo wake ni upi.

Konda naye ajibiwe, vituo vinahitaji watu na yeye anaujua mji huu kuliko wengi wetu, afikiriwe mapema.

Ombi langu ni moja: siku ikifika, ule ukurasa wa mkataba unaosema abiria wakipungua nani analipa, kiasi gani na kwa miaka mingapi, uwekwe wazi kwa Kiswahili kabla ya kusaini. Ubandikwe hata pale stendi ya Makumbusho.