Ghorofa ya Tatu, Dito

Nyumbani naitwa mkono wa birika, na sikatai. Mtu aliyekaa miaka kumi na miwili kwenye kazi ya forodha pale bandari ya Mombasa huishia kuiona dunia nzima kama fomu: kila kisanduku utakachokitia alama, kuna mtu mahali amekaa anakungoja akutoze. Basi Khala, dada wa mama yangu, aliponiambia nimsindikize Lisbon akamwone mwanawe akimaliza masomo, na kwamba mambo ya malazi ananiachia mimi, niliikalia kompyuta wiki tatu kama niliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Viza ndiyo iliyonitia hasira mwanzo. Euro 90 kila kichwa, bima ya matibabu ya euro 30,000, na malazi lazima uyaonyeshe kabla hujajua kama viza yenyewe utapewa. Nilipomaliza kulipa niliapa kwamba hasara hiyo nitaifidia kwenye chumba.

Nikachagua Alfama. Nilisoma kwamba ndio mtaa wa zamani kabisa wa Lisbon, na jina lake ni Kiarabu, al-hamma, kwa sababu ya chemchemi zake za maji moto. Waislamu walikuwa na mji ule hadi 1147. Tena lile tetemeko la Novemba 1, 1755, lililoifanya kifusi sehemu kubwa ya Lisbon, Alfama lililipita kando. Nikamwambia Khala, "Ni kama Mji wa Kale kwetu. Vichochoro, watu barazani, bahari pale chini." Akafurahi. Hilo neno "chini" hakuna aliyelitilia maanani. Mji wa Kale wetu uko tambarare.

Chumba kilikuwa euro 46 kwa usiku, vitanda viwili, bafu la kushirikiana. Matandiko na taulo euro sita zaidi kwa kila mtu: sikutia alama. Khala hasafiri bila leso saba, za kufunika jahazi. Kifungua kinywa: sikutia alama. Kilichonishangaza kidogo ni ule usiku wetu wa kwanza, wa kuamkia Juni 13. Mahali pengine pote bei ilikuwa imeruka maradufu, hapa imetulia kwenye euro 46. Nikajipongeza. Nilijisifu hata kazini, Mungu anisamehe.

Tulifika tarehe 12 alasiri, baada ya kubadilisha ndege mara mbili. Teksi kutoka uwanja wa ndege haikuwemo kwenye bajeti, kwa hiyo tulipanda treni ya chini ya ardhi tukatokea Santa Apolónia, na hapo ndipo ngazi zilipoanza. Ngazi za mawe, zinapanda, zinakata kona, zinapanda tena. Pasipo na ngazi pametandazwa vijiwe vyeupe vidogo vidogo, vimeng'arishwa na nyayo hadi vinateleza kama sabuni. Sanduku la Khala lilikuwa na mikebe ya halua, chupa mbili za achari na kinu cha kutwangia thomu, kwa sababu aliambiwa vya Ulaya ni vyepesi. Gurudumu la kwanza liling'oka kwenye kona ya tatu. Likashuka peke yake ngazi moja moja, taratibu, likielekea stesheni tulikotoka.

"Mwanangu," Khala akasema, ameshika kiuno, "tetemeko lilipita huku au halikupita?"

"Halikupita, Khala."

"Lingepita."

Nilikumbuka kwamba Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 tulimpokea vibaya, ikabidi asonge mbele hadi Malindi ndiko akirimiwe. Nikaona wenyeji wa Lisbon nao wana kumbukumbu ndefu.

Mwenye chumba hakuwepo. Alikuwa ametuma ujumbe: penye mlango wa nje kuna kikasha cha namba za siri, ndani mna ufunguo, pandeni hadi "3.º Esq." Mimi ni mtu wa makaratasi. Hiyo Esq. naijua sana; ndiyo mawakili wa Nairobi wanayojitundika mwisho wa jina, Mheshimiwa Fulani. Nikamweleza Khala kwamba mwenyeji wetu ni msomi.

Ghorofa ya tatu ilikuwa na milango miwili inayotazamana. Wa kushoto umefungwa, una kibati cha shaba: Esq. Wa kulia uko wazi nusu, na kibati chake kimeandikwa Dto. Hapa naomba msomaji anifuate polepole, kwa sababu mpaka leo naona akili yangu haikukosea hatua hata moja. Kushoto anaishi mheshimiwa mwenyewe. Kulia ni Dto., yaani dito. Kwenye orodha za mizigo huandika dito mara mia kwa siku: kama ilivyo hapo juu, mali ya mtu yuleyule. Na mlango wa dito ameuacha wazi, maana anajua wageni wanakuja. Ufunguo nikautia mfukoni. Wa nini tena?

Ndani palikuwa pazuri kuliko picha. Meza imetandikwa kitambaa cha kufuma, ina mkate, zeituni na sahani nne. Jikoni sufuria inatokota. Kitandani kulikuwa na matandiko kamili na paka wa kijivu, ambaye kwenye picha hakuwemo. Bafuni taulo nene, safi, inanukia jua. Nikapiga hesabu palepale: matandiko bure, taulo bure, na dalili zote za chakula.

Khala alikuwa bado mlangoni, hajavua viatu. "Nyumba hini ina wenyewe."

"Ndiyo mtindo wa siku hizi, Khala. Watalii wanapenda ionekane kama watu wanaishi."

"Na hizi dawa za presha?"

"Mapambo."

Alinitazama kama anavyowatazama wauza samaki. Lakini Alasiri ilikuwa inakwenda, akatawadha, akatandika mswala wake sebuleni kuelekea mashariki, pembeni kidogo na kabati lenye sanamu ndogo ya mtu aliyebeba mtoto. Nami nikaenda kuoga. Nilioga kwa raha zangu, nikatumia hata ile sabuni ya umbo la ganda la kome, nikafunga kikoi, taulo begani, nikatoka nikiimba.

Mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa amesimama kati ya mlango na meza, ana aproni, na mikononi sahani ya sadini za kuchoma ambazo bado zinatoa moshi.

Nilifungua mdomo. Akaweka kidole mdomoni mwake, shhh, akaniashiria Khala. Khala alikuwa ameshasujudu. Basi tukasimama, yule bibi na sahani yake, mimi na taulo lake, maji yakinidondoka kwenye zulia lake, tukangoja. Sijawahi kuona rakaa ndefu kama zile. Paka akaja akakaa katikati yetu kama mwamuzi. Hatimaye Khala akatoa salamu: akageuka kulia, hakuna kitu, akageuka kushoto, akakutana uso kwa uso na sadini.

Hapo ndipo bibi akaanza kusema. Alisema mengi, kwa kasi, bila ukali ila bila nukta vilevile. Simu yangu haikuwa na intaneti, maana laini ya huko ilikuwa kisanduku kingine ambacho sikukitia alama. Sikuelewa neno. Khala alilielewa moja.

"Igreja," bibi alikuwa anasema, kidole dirishani. Kisha sahani, kisha ngazi, kisha tena: "Igreja." Analitamka kama mtu aliyetaka kusema gereza akang'atwa ulimi mwishoni.

Khala akanishika mkono. "Wasikia? Gereza. Atupeleka gerezani."

"Hapana, Khala..."

"Ameonyesha na liliko!"

Binamu yangu ndiye aliyetueleza baadaye. Neno ni hilohilo, sisi tulilitoa kwao, ila kwao ni kanisa. Bibi alikuwa anajitetea kwamba alishuka mara moja tu pale penye kanisa, kwenye majiko ya sadini, akauacha mlango wazi kwa kuwa siku ile Alfama nzima huacha milango wazi. Kanisa lao liligeukaje kuwa jela yetu, sijui pa kuuliza ila pale Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga 1593 na Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Lakini wakati ule historia hainisaidii kitu. Nimesimama na kikoi, kwenye nyumba ya watu, nanukia sabuni ya watu.

"Mwambie sisi si wezi," Khala akaamuru. "Mwambie mwanangu amaliza digrii ya pili. Mpe halua."

Nikampa halua. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akaendelea kutuuliza sisi ni nani. Ndipo nilipokumbuka ujumbe. Nikamwonyesha simu, 3.º Esq. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama mimi, akautazama mlango wake. Akacheka. Alicheka hadi akakaa chini, na sadini moja ikateleza kwenye sahani, paka akaidaka kabla haijagusa zulia. Kisha akanisimamisha katikati ya chumba kama mwalimu wa chekechea, akauinua mkono wangu wa kulia: "Direito." Akaupiga kofi ule mwingine: "Esquerdo." Dto., kulia. Esq., kushoto. Ndivyo wanavyohesabu nyumba zao, ghorofa kisha upande. Mheshimiwa hakuwepo wala hajawahi kuwepo.

Khala alikuwa anafuatilia yote. "Ulisema msomi," akasema.

Tukavuka ngazi mita mbili hadi kushoto. Ufunguo ukaingia wenyewe. Chumba tulichokilipia kilikuwa na upana wa kontena, naapa kwa kazi yangu, na dirisha linalotazama ukuta. Godoro moja tupu, godoro la pili dito. Mito miwili ya sponji, ya manjano, yenye madoa yaliyochorwa kama ramani ya visiwa. Bibi alikuwa ametufuata. Hakusema kitu, na ule ukimya wake uliniuma kuliko ile igreja.

Khala akauinua mto mmoja kwa ncha za vidole viwili. Akaugeuza. Hakunisemesha mimi; alimgeukia mwanamke mwenziwe, kwa Kiswahili kitupu, sauti ya mtu anayemshitaki mtoto kwa jirani: "Hata foronya, mwenzangu! Hata foronya hakuchukua!"

Bibi akainua kichwa. "Fronha?"

"Foronya," Khala akasema, akiupiga mto.

"Fronha!" bibi akasema, akiupiga mto wa pili.

Wakatazamana. Bibi akaenda mbio kwake, akarudi na foronya mbili nyeupe za kitani, zimetariziwa pembeni maua ya buluu, zimepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Wakazivisha mito pamoja, huyu anashika, yule anavuta. Kuanzia hapo hawakunihitaji tena. Nilisikia kupitia ukutani wakipekua kamusi isiyo na karatasi: mesa, meza. Copo, kopo. Lenço, leso, hapo Khala akamfunga moja. Kila neno lilipopatikana walipiga kelele kama waliofunga goli.

Kumbe usiku ule ndio wa Mtakatifu António, yule wa kwenye kabati, mzaliwa wa Lisbon, na Alfama ndiyo jiko lake. Sasa nikajua kwa nini chumba changu hakikupanda bei. Moshi wa sadini uliingia dirishani ukakosa pa kutokea. Spika iliwekwa chini kabisa ya ukuta wetu. Saa nane za usiku nilijaribu kulala na mto juu ya kichwa, ile foronya ikinukia mafuta ya lavenda, na uchochoro mzima ukiimba. Saa tisa nikashuka.

Khala alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, buibui limekunjwa magotini, anachambua sadini juu ya kipande cha mkate. Kando yake bakuli la supu. Akaniita niitazame. "Sukuma wiki," akanong'ona, kama aliyekutana na ndugu ughaibuni. Ndivyo ilivyo: caldo verde wao ni viazi vilivyopondwa na majani ya sukuma yaliyokatwa membamba kama nywele. Bibi alitaka kuitupia kipande cha soseji, nikasoma neno porco, nguruwe, kwenye pakiti, nikaruka. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri safari ile.

Alikuwa amepewa pia chungu kidogo cha mrehani, chenye ua la karatasi, kama wanavyopeana usiku ule. Khala akapeleka pua. Bibi akamzuia kwa mshituko: huko hawanusi mrehani kwa pua, wanasema hunyauka; unaupapasa kwa kiganja, unanusa kiganja. Vijana huwapa wachumba, maana mtakatifu huyo ndiye mshenga wao, na manispaa huozesha maharusi siku ile kwa niaba yake. Khala akaninyooshea kidole mimi na kukiashiria chungu. Bibi akaitikia kwa kichwa. Lugha ilikuwa imeshakamilika.

Asubuhi simu ilishika mtandao wa mkahawa wa chini, na ujumbe wa kwanza ukatoka kwa mwenye chumba: kodi ya jiji, euro nne kwa kila mtu kwa kila usiku. Watu wawili, siku tano, euro 40. Kwenye jedwali langu hapakuwa na safu ya hilo. Nilikuwa bado naikodolea macho ile namba pale kizingitini binamu yangu alipokuja anahema, amepanda ngazi zote akitutafuta. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Ndani ya ule wa kulia Khala alikuwa anatwanga thomu kwa kinu chake, bibi anakata sukuma, paka kalala juu ya foronya.

"Mama," binamu akauliza, akitazama huku na huku, "chumba chenu ni kipi?"

Khala hakuinua macho kwenye kinu. "Huo wa kushoto twalipia," akasema. "Na huu, dito."