Gia 21 za Kwendea Sokoni

Jamani, nani alisema baiskeli nzuri ni ile yenye stika nyingi? Mtu anakaa Tabora mjini, njia tambarare toka mlangoni hadi sokoni, mwenye duka anamwambia, "Bosi, hii ina gia 21 na shokapu mbele na nyuma." Gia 21 za kufuata nyanya! Na hizo shokapu za bei chee ni springi tupu na bushi za plastiki. Miezi michache tu zinalia kama kitanda cha gesti, na uzito wote ule unausukuma wewe kwa mapaja yako.

Mfuko ukiwa mwembamba, chukua isiyo na mbwembwe: Phoenix ya rimu 28, au mtumba wa Japani wenye kikapu. Ukiwa na laki mbili, baiskeli isizidi laki na nusu. Iliyobaki ni ya cheni, tairi na fundi, maana hao watakuja tu.

Mtumba nao una mambo yake. Utaambiwa, "Tairi 26 hii, zipo kila duka." 26 ipi? Ipo 26 x 1.95 na ipo 26 x 1 3/8, na haziingiliani hata mkeshe mnaomba. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya kwanza ina 559, ya pili 590. Ndicho kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, kwa milimita. Zinapishana milimita 31, halafu fundi analazimisha kwa bisibisi, anatoboa tyubu, na hela ya kiraka anakudai wewe!

"Cheni mpya hii, ona inavyong'aa." Inang'aa oili chafu ya gari! Azima rula ya mwanafunzi, tumia upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, anzia pini inayofuata, hesabu 24 kwenda mbele: ya 24 iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, cheni imechoka. Ikipita kwa 1/8, imeshakula na meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma. Hapo hata uweke cheni mpya itaruka kila ukikanyaga, huku watu wa kijiweni wanakutazama.

Kisha piga magoti, ndiyo, na suruali hiyo hiyo ya Ijumaa. Chungulia fremu pale inapoungana na bomba la usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au kupasuka, ujue iligonga kitu uso kwa uso. Hata ya bure usichukue. Inua gurudumu, lizungushe, sogeza njiti ya kiberiti karibu na rimu. Likiyumba milimita mbili, fundi atakaza spoku. Likiyumba kama katoka kilabuni, mwachie mwenyewe. Namba ya fremu mara nyingi iko chini ya ekseli ya pedeli. Imesuguliwa kwa tupa? Aga uondoke, hapo unauziwa kesi.

Na kama roho imekushinda ukachukua ya gia, jiandae na jirani: "Naomba baiskeli dakika tano tu." Anapakia gunia la mkaa, na shemeji juu yake. Friwili ya gia nyingi ni pana, beringi ya upande huo inakaa ndani mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inabaki kipande kirefu bila mshiko, inapinda kama msumari. Atairudisha usiku, ataiegesha ukutani polepole, na salamu hutaiona mpaka Jumamosi.