Washenga wa Umeme Mjini Brussels

Nikifungua mlango wa kibanda cha umeme cha mtaani hapa Uholanzi, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni kisaa kidogo, mfano wa kile cha kupimia upepo wa tairi, chenye mshale mmoja na rangi mbili. Mshale ukiwa kwenye kijani, naendelea na kazi. Ukiwa umeshuka kwenye nyekundu, sigusi kitu. Nafunga mlango, napiga simu, na ratiba ya siku hiyo imeharibika. Kisaa hicho hakihusiani na kiasi cha umeme kinachopita. Kinaonyesha kama gesi iliyofungiwa ndani ya kabati la swichi bado ipo. Gesi yenyewe inaitwa SF6, na kazi yake ni kuzuia na kuzima cheche pale swichi ya kilovoti 10 inapofunguka. Bila kitu cha kuizima, cheche ya msongo huo inaweza kumwondoa mtu duniani.

Ni gesi nzuri sana kwa kazi hiyo. Haina harufu, haiwaki, na inaruhusu kabati liwe dogo. Ubaya wake ni kwamba kilo moja ikivuja, kwa hesabu ya miaka 100 inapasha dunia joto sawa na takriban tani 24 za hewa ya ukaa. Hakuna gesi nyingine inayodhibitiwa kimataifa yenye makali hayo.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wa huku tunalijua kwa mikono. Ukitoka kwenye kibanda hicho ukavuka barabara, unaweza kukuta kibanda kingine chenye kabati lisilo na kisaa kabisa. Msongo ni uleule, nyumba zinazohudumiwa ni zilezile, ila ndani hakuna SF6. Cheche inazimwa kwenye chupa isiyo na hewa, na sehemu zenye umeme zimefunikwa kwa utomvu mgumu. Makabati ya namna hiyo yametengenezwa kwa miaka mingi Hengelo, mashariki mwa nchi hii, kwenye kiwanda ambacho siku hizi ni mali ya kampuni ya Eaton. Mengine ni ya zamani kuliko baadhi ya vijana ninaofanya nao kazi.

Kwa hiyo niliposoma historia ya sheria ya Ulaya kuhusu gesi hizi, nilicheka peke yangu kwenye treni. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliikaza sheria ya gesi zenye floraini, SF6 ikiwa mojawapo. Majokofu yalibanwa, viyoyozi vilibanwa. Makabati ya umeme yakapewa msamaha. Hoja ya viwanda ilikuwa kwamba hakuna mbadala wa kutegemewa, na watunga sera wakaikubali. Waliishia kuiagiza Tume ya Ulaya ichunguze, na kwa makabati ya msongo wa kati, kama haya ya mitaani, ilete jibu kufikia mwaka 2020 kama mbadala upo. Yaani mafaili ya Brussels, makao ya Umoja huo, yalikuwa yakiuliza kama kuna kitu ambacho mimi ningeweza kukipiga picha na simu wakati wa chakula cha mchana.

Watu wengi wakisikia makampuni yanawashawishi watunga sera, akili inakimbilia mabegi ya pesa. Na mabegi yapo kweli. Desemba 2022, katika sakata la Bunge la Ulaya lililohusishwa na Qatar na Morocco, polisi wa Ubelgiji walikamata kama yuro milioni 1.5 taslimu. Lakini kwenye mambo ya gridi, yaani mtandao wa umeme, hakuna haja ya begi. Mshawishi wa gridi ni mshenga. Anakuja mchana kweupe, amevaa vizuri, jina lake limeandikwa kwenye daftari la uwazi lililoanzishwa mwaka 2011, na kamishna anayekutana naye analazimika kutangaza kikao hicho hadharani. Sina ugomvi na mshenga. Nyumbani kwetu hakuna posa bila mshenga. Ila mshenga analeta barua ya waliomtuma, na upande wa binti hukaa wenyewe, wakaulizana, wakaandika jibu lao. Huko Brussels mara nyingi mshenga anakuja na barua na jibu lake. Mbunge mwenye wasaidizi watatu na sheria kumi mezani anapokea aya za marekebisho zilizokwisha kuandikwa, zinangoja saini tu. Hajui kilovoti 24 na kilovoti 145 zinatofautiana nini kwenye chuma. Atamuuliza nani? Yule aliyeketi mbele yake ndiye anayejua.

Turudi kwenye gesi, maana utamu uko hapo. Aprili 2022 Tume ilileta pendekezo jipya la kupiga marufuku, na safari hii washenga hawakuja na wimbo mmoja. Kampuni ya Siemens walikuwa na vifaa vinavyotumia hewa safi kavu na vakyumu, ile chupa isiyo na hewa. GE na Hitachi Energy walikuwa na mchanganyiko wa gesi nyingine, ya jamii ya floronitraili, ambayo ina madhara madogo sana ukilinganisha na SF6 lakini bado ina floraini ndani, na mwaka 2021 walishakubaliana kupeana haki za hataza zake. Eaton wao walikuwa na bidhaa ya Hengelo. Kila mmoja akaenda kueleza kwamba teknolojia yake ndiyo ya kijani na ya mwenzake ina walakini. Upande mmoja ulisema, ukipiga marufuku gesi piga zote, usiache ukoo mzima wa floraini ukaingia kwa mlango wa nyuma. Upande wa pili ukajibu kwamba kwenye misongo mikubwa mkitufungia nje watabaki wauzaji wachache mno, bei zitapanda na gridi itachelewa.

Zote mbili zilikuwa hoja za kweli, na ndipo kwa mara ya kwanza mbunge akapata nafasi ya kusikia fundi akimkosoa fundi. Sheria iliyopitishwa Februari 2024 inazuia kuwasha makabati mapya yenye gesi za floraini hadi kilovoti 24 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwa misongo mikubwa, juu ya kilovoti 52 hadi 145 inabana mwaka 2028, na juu ya hapo mwaka 2032, ikiwa na ngazi za kushuka: kama hakuna wauzaji wawili wa kifaa safi kabisa, unaruhusiwa kuchukua chenye gesi kidogo. Ngazi hizo ndizo alama ya vita vile. Ukizisoma unaweza kukisia nani alisukuma nini. Na wakati mabishano yanaendelea, Desemba 2022 kampuni ya 3M, iliyokuwa ikitengeneza gesi hiyo ya floronitraili, ikatangaza kwamba inaachana na utengenezaji wa kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025. Hilo hakuna mshenga aliyelileta kwenye barua.

Msimamo wangu ni huu, na najua wanaharakati wenzangu hawataupenda: kati ya 2014 na 2024 dhamira ya watunga sera haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba makampuni yaligombana. Wanamazingira walipiga kelele miaka yote, na kelele zao zilisaidia, lakini "haiwezekani" ikageuka "inawezekana" pale mwenye kiwanda kikubwa alipokuwa na kabati la kuuza. Hofu yangu ni kwa yale mambo ambayo makampuni hayana sababu ya kugombana.

Moja ni hili la kujenga. Nilipokuwa naongeza chumba kwenye nyumba ya mama kule Tanga, fundi tuliyempata alikuwa na maelewano na duka la vifaa: kila kinachonunuliwa, naye anapata chake. Akakagua nyumba, akasema nyaya zote zing'olewe. Mimi mwenyewe ni wa fani hiyo, nikamwambia vyumba viwili bado vizima. Hakuwa tapeli. Nyaya za miaka 25 ukizibadilisha hakuna atakayekulaumu. Ila swali "je, za zamani zinafaa?" halikuwa na hela ndani yake.

Makampuni ya gridi ya Ulaya yako kwenye hali hiyohiyo kwa ngazi ya mabilioni. Mdhibiti anawaruhusu kupata asilimia fulani kwa mwaka juu ya thamani ya mali waliyojenga, na mteja analipa kwenye bili. Waya mpya ni mali. Programu inayoutumia waya wa zamani vizuri zaidi ni mali kidogo sana. Chukua kupima uwezo wa waya kwa hali ya hewa ya papo hapo: upepo ukipuliza waya unapoa, na waya uliopoa unabeba umeme zaidi kuliko kikomo kilichoandikwa kwa kuogopa siku ya joto isiyo na upepo. Vipimo hivyo vimetoka Chuo Kikuu cha Liège, na Elia, wasafirishaji wa umeme wa Ubelgiji, wamevitumia kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa nini havijajaa kila mahali? Tafuta asilimia iko wapi.

Hispania waliyaona haya mchana kweupe. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, rasi nzima ya Iberia ilizimika, Ureno ikiwemo. Kabla hata chanzo hakijaeleweka, wasafirishaji wa umeme na wenye mitambo walikuwa wakirushiana lawama. Miezi michache baadaye mdhibiti alipendekeza faida ya gridi ipande kutoka asilimia 5.58 hadi 6.46, na makampuni yakasema haitoshi, fedha zitakwenda nchi zinazolipa vizuri. Ikasogezwa hadi 6.58. Nyongeza hiyo ya asilimia 0.12 inaonekana kama makombo mpaka uizidishe kwa thamani ya gridi ya nchi nzima, kila mwaka, kwa miaka sita. Giza la Aprili likawa hoja ya Julai.

Sisemi gridi haihitaji fedha. Hapa Uholanzi zaidi ya makampuni 10,000 yako kwenye foleni ya kusubiri umeme wa kutosha. Mwoka mikate wa mtaani kwangu alitaka kuacha majiko ya gesi, akapewa barua ya kusubiri. Bado anawasha gesi. Tume ilisema mwaka 2023 kwamba zinahitajika yuro bilioni 584 hadi 2030, na kwamba asilimia 40 ya gridi za usambazaji zina zaidi ya miaka 40. Nimefungua vibanda vya kutosha kuiamini hiyo asilimia 40. Eurelectric, chama cha sekta yenyewe, kikaja mwaka 2024 na hesabu ya yuro bilioni 67 kila mwaka hadi 2050 kwa usambazaji peke yake. Pengine ni sahihi. Lakini angalia mpangilio: anayepanga ni nani? Tangu mwaka 2009 sheria imeipa ENTSO-E, umoja wa wasafirishaji wa umeme wenyewe, kazi ya kuandika mpango wa gridi wa miaka kumi wa Ulaya. Shirika la wadhibiti, ACER, liko Ljubljana, linatoa maoni juu ya mpango ambao hesabu zake hazikuanzia kwake.

Katika kifurushi cha mapendekezo ya gridi cha Desemba 2025 Tume imependekeza ianze kuandaa yenyewe makadirio makuu ya mahitaji ya Ulaya. Vyombo vya habari vikashika zile "barabara kuu nane za nishati" kwa sababu zina ramani. Mimi ningesimama kwenye hicho kifungu kikavu cha nani anashika kalamu, na ningeuliza Tume itaajiri wahandisi wangapi, kwa mshahara gani, na watabaki muda gani kabla Siemens au Iberdrola, kampuni ya umeme ya Hispania, hawajawaita. Kalamu bila mhandisi itarudi kwa mshenga ndani ya mwaka mmoja.

Marufuku ya SF6 inahusu vifaa vipya vinavyowashwa ndani ya Umoja wa Ulaya tu. Nilipokuwa likizo nyumbani, rafiki yangu wa chuo alinionyesha kibanda kipya anachokisimamia. Rangi bado inanukia, kabati limetoka Ulaya, halina hata vumbi. Kisaa kipo, mshale umelala kwenye kijani. Nikamuuliza kama walioagiza waliambiwa kuna lile jingine lisilo na kisaa. Akasema muuzaji hakulitaja.