Mdomo-upanga ana anayemtegemea

Akitajwa ndege mvumaji, yule mdogo anyonyaye mbochi (maji matamu ya maua), wa misitu ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, wengi humtaja kwanza mdomo-upanga, na siwashangai. Nilipomwona katika hifadhi ya Yanacocha, kwenye mteremko wa mlima Pichincha karibu na Quito, mji mkuu wa Ecuador, nilisahau hata baridi. Alitua kwenye kijiti hatua chache kutoka nilipokaa. Mdomo wake wa karibu sentimita 10 ulikuwa mrefu kuliko kiwiliwili chake, naye aliuelekeza juu kama mwenye ngalawa aliyesimamisha upondo. Kisha akataka kujisafisha kifua. Mdomo ungefikaje? Akainua mguu, akajichana kwa kucha taratibu, huku upanga wake ukiyumba hewani.

Sasa mtazame mdomo-mwiba. Naye anaishi milima hiyohiyo, kuanzia Venezuela hadi Bolivia. Uzito wake ni gramu 3 na ushei, na mdomo wake ni milimita 5 hivi, mfupi kuliko wa ndege mvumaji mwingine yeyote. Dume ana mgongo wa zambarau na koo la kijani linalometameta. Ni mzuri mno, ila wachache humtafuta.

Tena huitwa mwizi. Ua refu likimshinda, hutumia tundu lililotobolewa na ndege wengine kwenye kitako cha ua, akanyonya mbochi bila kubeba chavua. Jina hilo silipendi hata kidogo. Kiumbe mdogo kiasi hicho, kwenye baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, ale nini? Anakula kilichopo: mbochi wa maua mafupi, vidudu, na hicho kinachopatikana tunduni.

Hata hivyo, nikiulizwa tuanze kumlinda yupi, nitasema mdomo-upanga, wala si kwa sababu ya urefu wa mdomo. Kuna mpasheni wa milimani, Passiflora mixta, wenye maua ya waridi yenye mrija mrefu kupindukia, na mbochi wake umejificha ndani kabisa. Anayeufikia kwa mbele na kuondoka na chavua kichwani ni huyu ndege, karibu peke yake. Watu hudhani ndege ndiye atakayeumia ua likitoweka. Kumbe yeye anayo mengine, yakiwemo yale makubwa ya umbo la tarumbeta yanayoning'inia. Mpasheni ndio usio na mbadala.

Ndege wote wawili hawamo katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Hesabu ya dunia nzima haikuambii lolote kuhusu bonde moja lililokatwa miti pande zote. Mdomo-upanga akilihama bonde hilo, atapata pengine pa kula. Mpasheni utabaki pale, umetundika maua yake, na hakuna wa kuyafikia.