Msamaha wenye "ila"

Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya yetu hapa Kirumba, Mwanza, Baba Yetu tunaisali kwa mkupuo, kama watu wanaowahi daladala. "Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea." Nimeitamka tangu utotoni bila kukwama. Mwaka 2021 nikakwama.

Mimi nauza dagaa kwenye soko la Mwaloni. Mwaka ule nilimpa mwenzangu, tena wa jumuiya hii hii, shilingi 1,400,000 akanichukulie mzigo visiwani. Akarudi mikono mitupu. Mvua, akasema. Dagaa walikuwa wameanikwa, mvua ikawakuta, wakaharibika. Mtu wa Mwaloni habishani na habari ya mvua, maana mvua moja ya jioni inatosha kugeuza mtaji wako kuwa chakula cha kuku. Nikampa pole. Nikampa na nauli ya kurudi kwake. Wiki ya tatu mpakiaji mmoja akaniambia magunia yangu yalishuka makavu kabisa, na yaliuzwa siku ileile kwa mteja mwingine.

Mtaji uliniuma, lakini ile nauli iliniuma zaidi. Usinicheke.

Siku hizo ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nakiruka. Kwenye sala tunasema "makosa", ila ukifungua Mathayo 6:12 katika Biblia ya Union, imeandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni! Kosa unaweza kulisamehe kwa jumla jumla tu. Deni lina tarakimu, lina tarehe, na langu lilikuwa kwenye daftari la kava jekundu, ukurasa wa kulia.

Wahubiri wengi wakifika Mathayo 18, kwa yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi kisha akamkaba mwenzake koo kwa dinari mia, hulifanya deni la pili kuwa senti za pipi. Hapo mimi nakataa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari mia ni siku mia za kazi. Mchukue mama anayeinama kutwa juani kuanika dagaa, umzidishie siku mia, halafu umwambie hicho ni kitu kidogo. Yesu hakusema ulichodhulumiwa si kitu. Amekiweka kando ya deni la kwanza, ambalo kwa hesabu ya talanta moja kuwa dinari 6,000 linafika siku milioni 60 za kibarua. Hakuna mtu wa kuishi siku hizo. Kwa hiyo sikuambiwa hasara yangu ni ndogo. Nimeambiwa na mimi nina daftari langu mahali, na lilishafutwa.

Sawa, nikatangaza nimesamehe. Kwaresima ikaja, nikaacha soda, nikaacha nyama, Ijumaa nikafunga mpaka jioni. Nilijiona najikana kweli kweli. Kumbe kile nilichokuwa nakila kwa utamu kuliko nyama sikukigusa, nacho ni kusimulia. Mteja akikaa kwenye benchi langu, kabla sijampimia kisado ameshaipata habari yote. "Mimi nilishamsamehe, ila..." Na kila nilivyoisimulia, uongo wake ulikua na wema wangu ukaongezeka. Ile nauli ilifika mahali ikawa nauli na chakula. Hiyo "ila" ndiyo riba niliyokuwa namtoza, na nilikuwa naikusanya kila siku ya soko.

Luka 9:23 inasema mtu ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake "kila siku". Zamani nilifikiri ni mambo makubwa, ya mashahidi. Kwangu mimi ni kufunga mdomo saa nne asubuhi mbele ya mteja anayependa umbea.

Wapo wanaosema watasamehe moyo ukiwa tayari. Ningesubiri wangu ningekuwa nasubiri mpaka leo. Mtazame Petro kwenye Luka 5. Sisi wa ziwani tunaielewa hasira yake. Hapa kwetu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Kila kazi ya maji ina saa zake. Sasa mtu hajalala, hajapata kitu, nyavu ameshaziosha, halafu anakuja Yesu, mtu wa useremala, anamwambia azishushe tena. Petro hakujifanya ameshawishika. Alilalamika kwanza, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu", ndipo akasema "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Utii wake ulikuwa na usingizi na mikono inayouma. Nami nilimpa yule mwenzangu mkono wa amani kwenye misa nikiwa bado nimekasirika, na sioni kama ulikuwa unafiki.

Mtaji sijampa tena, wala sitampa. Kusamehe si kukopesha. Na mwanamke anayepigwa nyumbani asije akaambiwa na mtu yeyote wa kanisa kwamba kumsamehe mume ni kukaa kimya. Aende Dawati la Jinsia polisi, msamaha utamkuta hukohuko.

Ule ukurasa sikuuchana. Niliukata kwa kalamu nyekundu, mistari miwili, na ukiuelekeza kwenye mwanga tarakimu bado zinasomeka. Juzi mteja wangu wa siku nyingi kutoka Buzuruga alikaa, akauliza, "Hivi mama, yule jamaa wa mvua aliishia wapi?" Ulimi ulishafika kwenye meno. Nikachota dagaa, nikamwekea kiganjani aonje kama wana mchanga.