Filamu Inasema Hivi, Begi Linasema Vile

Wanaozilaumu filamu za katuni za Marekani kwa kueneza fikra mgando za kijinsia huanzia kwenye mazungumzo, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2016 wanaisimu Carmen Fought na Karen Eisenhauer walihesabu maneno katika filamu za Disney zinazohusu mabinti wa kifalme. Katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, asilimia 68 ya maneno yalitamkwa na wanaume. Katika Frozen ya mwaka 2013, ambayo wahusika wake wakuu ni dada wawili, wanaume bado walikuwa na asilimia 59.

Watetezi nao wana la kusema. Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa katika filamu za karibuni wahusika wa kike husifiwa zaidi kwa uwezo wao kuliko kwa urembo. Na anayedhani kwamba mtoto wa Tukuyu, mkoani Mbeya, alikuwa salama kabla ya runinga kuingia sebuleni, azikumbuke ngano za msichana aliyekataa wachumba wote akaishia kuolewa na zimwi.

Hata hivyo, kwa watoto wengi wa Mbeya naona hesabu ya maneno haigusi kiini cha jambo. Filamu huingizwa kwenye flashi zikiwa kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza anayezungumza Kiswahili na Kinyakyusa huambulia sura, mavazi na nyimbo tu. Kinachokaa naye mwaka mzima ni bidhaa. Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, muuza mabegi wa soko la Mwanjelwa, hata kabla ya kutaja bei, huuliza: "La kike au la kiume?" La kike ni la pinki, lina binti wa kifalme anayetabasamu, mikono mitupu, la kiume lina Spider-Man akiruka au gari la mashindano.

Ushahidi kwamba biashara inaweza kuipindua filamu yenyewe ni Merida wa Brave, filamu ya mwaka 2012. Ndani ya filamu ni mpiga upinde mwenye nywele timutimu anayekataa kuozwa. Mwaka 2013 Disney ilipomwingiza rasmi katika kundi la mabinti wa kifalme wanaouzwa kwenye bidhaa, picha yake mpya ilikuja na kiuno chembamba, bila upinde. Zaidi ya watu 200,000 walitia saini kuipinga, na Brenda Chapman, aliyembuni mhusika huyo, aliilaani hadharani.

Haitakuwa haki kumtwika muuzaji lawama yote: anauza kinachotoka, tena mabegi mengi ni ya kuiga ambayo hayaipatii Disney hata senti. Soko pia limewahi kulipa vizuri hadithi tofauti, kwani Frozen, ambamo anayeokoa ni dada mtu na si mchumba, ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.2 katika majumba ya sinema. Nasi tunaye Akili, mhusika wa katuni za Ubongo, shirika la Tanzania, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuuliza maswali kwa Kiswahili. Kwenye runinga anashindana vizuri. Katika vibanda vya mabegi vya Mwanjelwa sijamwona, na huko ndiko mzazi anakolipia.