Kuchangia damu kwa hiari ni sawa kabisa, ila mbona mwenye kadi ya mchangiaji naye anaambiwa alete ndugu watoe damu ya kufidia mgonjwa wake akilazwa?

Kila ikikaribia Juni 14, siku ya wachangia damu duniani (ndo tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, yule mtaalamu aliyegundua makundi ya damu), mahema yanafungwa viwanjani, mheshimiwa analala kitandani anapigwa picha, watu wanapewa soda na biskuti, habari inatoka jioni. Wiki kadhaa mbele mama yupo leba anavuja damu saa nane usiku na mume wake anaambiwa tafuta watu wawili watatu waje kutoa. Sasa mtu akiuliza ile damu ya kwenye mahema iko wapi anaonekana mkorofi, wakati swali ni la msingi kabisa.

Mimi niseme mapema, nipo upande wa hiari, sio ule wa ndugu wa mgonjwa kuletwa kutoa. Ila sababu zinazotolewa majukwaani nyingi ni nyepesi, na upande wa pili una hoja ambazo watu wanazipita tu.

Tuanze na uhitaji wenyewe, maana huo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zina asilimia 16 tu ya watu wote duniani lakini zinakusanya asilimia 40 ya damu yote inayochangwa. Halafu angalia nani anaongezewa. Kwao hadi robo tatu hivi ya damu inaenda kwa watu waliovuka miaka 60, huku kwenye nchi maskini hadi nusu hivi inaenda kwa watoto chini ya miaka mitano. Yani damu yetu ni ya mtoto aliyepigwa na malaria mpaka viganja vyeupe, mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, kijana wa bodaboda, na wagonjwa wa selimundu (sikoseli), na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kipimo cha chini kinachotumika sana ni chupa sawa na asilimia 1 ya watu, kwa hiyo kwa sensa ya 2022 iliyotupa watu karibu milioni 61.7 tunaongelea chupa laki sita na kitu kwa mwaka. Na damu haikai. Chembe nyekundu kwa mifuko inayotumika sana ni siku 35 kwenye friji, chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni kama siku 5 tu. Kwa hiyo hata tukijaza uwanja mzima wa Mkapa mwezi wa sita, ya mwezi wa tisa itabidi itafutwe upya, na hii ndo sababu kampeni za msimu hazimsaidii sana yule wa leba.

Sasa kwa nini hiari na sio ndugu? Tangu 1975 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia nchi ziende kwenye uchangiaji wa hiari usio na malipo, na hapa kwetu ndo shughuli ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Hoja yao kubwa ni usalama. Kila chupa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, sawa, lakini kuna kile kipindi mtu kashaambukizwa na kipimo bado hakioni, hapo kinga pekee iliyobaki ni mtu mwenyewe kusema ukweli kwenye dodoso. Mtu aliyekuja kwa hiari yake akiulizwa mambo ya faragha hana cha kupoteza akisema leo siwezi. Ila shemeji aliyeletwa na ukoo mzima, mama mkwe kakaa pale kwenye benchi anasubiri, atasemaje? Atajaza "hapana" kila mahali. Mbaya zaidi ni ndugu wakikosekana, anatafutwa kijana wa kulipwa anajifanya binamu, na huyo ana kila sababu ya kudanganya maana akikataliwa hela imepotea.

Hoja nzito hiyo. Lakini kuna watafiti hawakubaliani nayo yote, mfano Jean-Pierre Allain aliyefanya kazi miaka mingi Kumasi, Ghana. Wao wanasema ukimlinganisha ndugu na mtu wa hiari anayetoa kwa mara ya kwanza, tofauti ya maambukizi ni ndogo au haipo. Anayeshinda kwa usalama ni yule anayerudi rudi, kwa sababu keshapimwa mara kadhaa na anajijua. Yani mwanafunzi aliyetoa mara moja kidato cha tano akapotea hana tofauti kubwa na mjomba aliyeburuzwa na familia. Hili naona ndo jambo la kushika, maana sisi tunahesabu waliojitokeza, waliorudi hatuwaongelei.

Halafu kuna hela. Kumfuata mchangiaji alipo kunataka gari, mafuta, wahudumu, mifuko, ubaridi njia nzima, wakati ndugu anakuja hospitali mwenyewe kwa nauli yake. Mifumo mingi ya hiari Afrika ilisimama kwa pesa za wafadhili na zikikatwa inayumba. Jirani zetu Kenya waliliona hilo 2019 msaada wa Marekani ulipoisha, damu ikaadimika mpaka watu wakawa wanaombana mitandaoni kila siku. Na hao hao Wakenya, wakati magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate Nairobi 2013, walipanga foleni ndefu kutoa damu bila kuitwa mara mbili! Kwa hiyo moyo upo, anayekosekana ni wa kuuhudumia siku za kawaida. Wapo watakaosema mbona Rwanda wameweza, damu yao yote ni ya hiari na tangu 2016 inarushwa kwa droni kutoka Muhanga kwenda hospitali za vijijini. Kweli, ila Rwanda ni ndogo na barabara ya kutoka Kigali kwenda popote sio safari ya Dar hadi Kigoma.

Watu pia hawatoi kwa sababu hawaamini, na sio ujinga tu kama wanavyosemwa. Pwani hii hadithi za mumiani wa kunyonya watu damu zipo tangu enzi za mkoloni, siku hizi zimevaa nguo mpya ya freemason. Ila lalamiko kubwa la mtaani sasa hivi ni moja, tunatoa bure halafu inauzwa. Majibu yapo: mfuko, vitendanishi vya vipimo, friji na jenereta vina gharama, na damu yenyewe sio bidhaa. Sawa, lakini nani anamweleza huyo mama aliyeombwa hela dirishani? Bandikeni ukutani kwamba hiki kinalipiwa na hiki hakilipiwi, mtu akidaiwa nje ya hapo ajue kaingizwa mjini.

Kwenye faida kwa mtoaji ndo watu wanapiga chumvi haswa. Utasikia ukitoa damu unazuia saratani, unapungua uzito, unakuwa kijana. Ushahidi wa hayo ni dhaifu, kwanza wanaoruhusiwa kutoa tayari ni wazima kuliko wengine, lazima waonekane na afya njema! Faida za uhakika ni ndogo ila ni za kweli, unajua kundi lako, unapimwa wingi wa damu, presha na yale magonjwa manne bila kulipa. Na gharama nayo ipo, kila chupa ya mililita 450 inaondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, ndo maana wanaume wanasubiri miezi mitatu na wanawake minne. Dada mwenye hedhi nzito asibebwe na hamasa, apime kwanza, akiambiwa hapana aende akale dagaa na mboga za majani.

Kuna upande mwingine husikii kabisa kwenye kampeni, kwamba sio kila anayeongezewa damu aliihitaji. Utafiti wa TRACT, matokeo yake yalitoka 2019, ulifanyika Uganda na Malawi kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Wale wenye himoglobini (wingi wa damu) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita wasio na dalili za hatari, waliosubirishwa kwa uangalizi wa karibu hawakufa zaidi ya walioongezewa papo hapo. Kwa hiyo chandarua, vidonge vya wekundu wa damu kliniki ya wajawazito na daktari makini navyo vinaokoa chupa. Ila hii isiwe kisingizio, mama anayevuja leba hasubirishwi.

Turudi kwenye kadi. Malalamiko ni yale yale kila kona, nimetoa miaka yote, mgonjwa wangu alipolazwa nikaambiwa lete watu. Sisi ni watu wa kuchangiana harusi, unamtolea mwenzio ukijua na yeye atakutolea, sasa ukinitosa siku ya shughuli yangu sitakuja tena. Wanaopinga wana hoja, wanasema mwenye kadi akipendelewa basi yatima au mgonjwa aliyeletwa peke yake toka kijijini ataachwa, na damu lazima iende kwa hali ya mgonjwa. Nakubali, foleni isiguswe. Ninachodai ni kidogo zaidi, mwenye kadi iliyo hai na familia yake wasidaiwe watu wa kufidia, basi. Na yule shemeji aliyeburuzwa achukuliwe namba ya simu, baada ya miezi mitatu atumiwe meseji aje tena kwa utashi wake, hasa Desemba shule zikiwa zimefungwa na wanafunzi ambao huwa tunawategemea wapo makwao.